Uzuri wa sura na wema wa moyo: hadithi zinatuambia nini?

Kiswahili chetu kina neno moja linalofanya kazi mbili. Tukisema "binti mzuri" tunazungumzia sura. Tukisema "yule mzee ni mtu mzuri sana", hakuna anayefikiria pua yake wala meno yake. Tunamaanisha ana roho nzuri, anasaidia majirani, hakosi msibani. Neno "mwema" ndilo lililobaki upande mmoja tu. Hujasikia kijana amesimama pale stendi ya Katoro akasema "yule dada ni mwema" kwa sababu ya mwendo wake.

Jambo hili liliwagawa wasikilizaji wetu wakati tukizungumzia vitabu. Mmoja alisema mwanamke mwenye sura nzuri hawezi kuwa mke mwema, kwa sababu watu hawamwachi atulie. Mwingine akasema hapana, uso ni kioo cha moyo, mtu mbaya utamjua tu kwa kumtazama. Muda uliisha kabla ya ubishi, kwa hiyo tumeyaandika haya uyasome taratibu kwenye simu yako. Tutaanza na hadithi za jioni, tutavuka ziwa hadi Ukerewe, tutafika Urusi ambako waandishi wakubwa walilisumbukia swali hilihili, kisha tutarudi huku kwetu kwenye jambo ambalo si hadithi.

Kijana mzuri kuliko wote

Karibu kila kabila la Afrika Mashariki lina hadithi ya msichana anayekataa wachumba. Huyu mfupi, yule maskini, yule ana makovu. Siku moja kwenye ngoma anatokea kijana mgeni, mzuri kuliko wote, asiyejulikana ukoo wake wala kwao. Msichana anamfuata. Njiani, au usiku wa kwanza, anagundua kwamba ameolewa na zimwi. Watoto wa Kisukuma wanalijua zimwi kwa jina la shing'weng'we, na wanajua kwamba halishibi.

Watu wengi wanakumbuka sehemu hiyo tu. Katika masimulizi mengi kuna mtu mwingine: mdogo wake yule msichana, mtoto mwenye upele mwili mzima, ambaye dada yake aliona aibu kuongozana naye. Huyo ndiye anayewafuata kwa siri, anayekesha, na ndiye anayemrudisha dada yake nyumbani akiwa hai. Mzuri wa sura ndiye mla watu, na mwenye upele ndiye mwokozi. Wahenga walilifupisha hilo katika methali ya "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti". Mkakasi ni kijikasha kilichopambwa kwa nje. Ukikifungua unakuta mti mtupu. Mchimbaji wa huku kwetu hahitaji hata methali. Anajua kwamba jiwe linalometa kwa njano linaweza kumpotezea siku nzima, na jiwe la kijivu lisilo na sura likiingia kwenye karasha ndilo linaloweza kutoa dhahabu.

Hadithi hii ina kasoro yake, na tuiseme. Mara nyingi imesimuliwa kwa wasichana peke yao, ili wakubali mchumba aliyechaguliwa na wazazi. Wavulana hawaambiwi sana wajihadhari na sura.

Rosa wa Ukerewe

Mwandishi aliyeligeuza jambo hili juu chini alitoka Kanda ya Ziwa. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, kisiwani Ukerewe, na alifariki Januari 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Kwa muda ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ilizungumza waziwazi kuhusu ngono na utoaji mimba. Baadaye ilirudi, ikasomwa na wanafunzi wa sekondari, na leo watu wengi wanaitaja kuwa miongoni mwa vitabu vikubwa vya Kiswahili.

Jina lenyewe ni la kanisani. Rosa Mistika, yaani waridi la fumbo, ni mojawapo ya majina ambayo Wakatoliki humwita Bikira Maria katika litania. Kezilahabi analichukua jina hilo la usafi na kumpa msichana wa kijijini, mzuri wa sura, mpole, binti wa mwalimu aliyepoteza kazi kwa sababu ya pombe.

Baba huyo, Zakaria, anaamini kwamba uzuri wa binti yake ni hatari inayopaswa kulindwa kwa fimbo. Inapopatikana barua yenye fedha kutoka kwa kijana Charles, anampiga Rosa vibaya. Hamfundishi kitu. Hamwambii wanaume watamtaka nini, wala aseme nini akitakwa. Anamfundisha woga peke yake. Rosa anapokwenda shule ya wasichana Mwanza, baadaye chuo cha ualimu Morogoro, yuko mbali na fimbo ya baba na hana kinga nyingine yoyote. Wanaume wanampokea mmoja baada ya mwingine, na mkuu wa chuo, mtu aliyekabidhiwa mabinti za watu, ni mmoja wao. Rosa anatoa mimba. Anapata sifa mbaya. Kisha anakuwa mwalimu, anabadilika, anaishi vizuri. Charles yuleyule wa barua anataka kumuoa, lakini anapojua kwamba Rosa si bikira anamwacha. Rosa anajiua.

Hapo ndipo msomaji mvivu hufunga kitabu na kusema: umeona, wasichana wazuri mwisho wao huo. Lakini Kezilahabi hakuishia hapo. Katika kurasa za mwisho anawasimamisha baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, na kesi ni kati yao wawili: kosa ni la nani? Mwandishi ambaye angetaka tu kuwaonya wasichana asingehitaji kesi hiyo.

Sisi tunakisoma kitabu hiki kuwa ni kesi ya wale waliomtazama Rosa. Baba alitazama sura yake akaona aibu inayokuja. Wakubwa wa kazi waliitazama wakaona kitu cha kuchukua. Charles alitazama akaona bikira, kisha akatazama tena akaona takataka. Wema wake Rosa, na alikuwa nao, kwa sababu aliipenda familia yake na alirudi kuwa mwalimu mzuri, hakuna aliyeuuliza. Na wale wanaume waliopita katika maisha yake hakuna aliyewauliza kama wao ni bikira.

Tuseme pia kwamba wapo wanaomlaumu mwandishi. Wanasema alimkubalia Rosa atubu, kisha akamuua hata hivyo. Lawama hiyo ina uzito, na inatufikisha Urusi.

Warusi wawili

Lev Tolstoy na Fyodor Dostoevsky waliandika katika karne ya 19, wakati Urusi ilikuwa nchi ya mabwana wenye mashamba na wakulima ambao hadi mwaka 1861 walikuwa mali ya mabwana hao. Vitabu vyao ni vinene na majina ya watu ni marefu, lakini mambo yaliyomo mtu wa Katoro anayajua.

Mwaka 1899 Tolstoy alitoa riwaya iitwayo Ufufuko. Alipata wazo lake kwa rafiki yake mwanasheria, Anatoly Koni, aliyemsimulia kisa cha kweli. Katika riwaya, msichana Katyusha ni mtoto wa mtumishi, amelelewa na mabibi wawili kama nusu binti, nusu mfanyakazi wa ndani. Mpwa wao, Nekhlyudov, kijana wa ukoo mkubwa, anafika likizo. Anamlaghai, anamwachia noti ya rubo 100, anaondoka zake jeshini. Katyusha ana mimba. Anafukuzwa, mtoto anakufa, na mwisho wake anaingia danguroni. Miaka inapita. Anashtakiwa kwamba amemuua mfanyabiashara kwa sumu, na katika safu ya wazee wa baraza wanaosikiliza kesi ameketi Nekhlyudov, amevaa vizuri, anaheshimika. Anamtambua mshtakiwa kwa macho yake meusi yenye makengeza kidogo.

Angalia alichofanya Tolstoy. Hakumpa Katyusha sura isiyo na dosari. Alimpa makengeza, na makengeza hayo ndiyo yanayomrudishia bwana yule kumbukumbu ya kosa lake. Mwenye sura ya heshima mahakamani ndiye mwenye deni. Na tofauti na Rosa, Katyusha haishi kwa kusubiri mwanaume amkubali. Anahukumiwa kwenda kazi ngumu Siberia kwa sababu baraza lilikosea kuandika uamuzi wake. Nekhlyudov anamfuata huko na kutaka kumuoa ili kulipa dhambi yake, na yeye anakataa. Anachagua kuishi na mfungwa mwenzake wa kisiasa. Katika kisa cha kweli alichosimulia Koni, mwanamke mwenyewe alifia gerezani kabla ya ndoa.

Miaka 30 kabla ya hapo, katika kitabu kikubwa cha Vita na Amani, Tolstoy alikuwa amekwisha weka wanawake wawili pembeni kwa pembeni. Hélène ni mzuri kiasi kwamba watu hunyamaza akiingia ukumbini. Hana huruma na mtu, na ndoa yake anaifanya biashara. Marya hana sura. Hata ndugu zake wanajua hivyo, na siku wanawake wenzake wanapojaribu kumpamba kwa ajili ya mchumba ndiyo anazidi kuchusha. Ila macho yake, Tolstoy anaeleza, ni makubwa na yana nuru, na yanakuwa mazuri hasa pale anapojisahau na kumfikiria mtu mwingine. Akijitazama kwenye kioo nuru ile haionekani, kwa hiyo yeye mwenyewe hajawahi kuiona.

Dostoevsky alikuwa na shauku zaidi na uzuri, na wasiwasi zaidi. Katika riwaya yake ya Mpumbavu, iliyotoka mwaka 1868 na 1869, mwanamfalme Myshkin, mtu mwema kuliko wote kitabuni, anaonyeshwa picha ya mwanamke aitwaye Nastasya Filippovna. Wanaume wengine wanaitazama picha hiyo wakipiga hesabu ya fedha. Myshkin anajiuliza jambo moja: je, ana moyo mwema? Anaona katika uso ule mateso. Hajakosea. Nastasya alikuwa yatima, akalelewa na tajiri aliyemsomesha akimsubiri akue, kisha akamfanya hawara akiwa bado binti mdogo. Mji mzima unamwita mwanamke mwovu. Yeye mwenyewe ameanza kuamini hivyo, na ndiyo sababu anamkimbia Myshkin anayetaka kumuoa na kumfuata mwanaume mkatili ambaye mwishowe anamuua.

Kwa hiyo Rosa, Katyusha na Nastasya wana kisa kinachofanana, ingawa mmoja ni wa Ukerewe na wengine wa nchi ya theluji. Kila mmoja alikuwa mzuri akiwa mdogo, kila mmoja alichukuliwa na mtu mzima aliyejua anachofanya, na kila mmoja ndiye aliyeitwa mchafu. Kwenye miji ya machimbo, ambako fedha huja ghafla na kuondoka ghafla, mabinti wanaotumikia migahawa na baa za wageni wanaitwa majina hayo kila siku. Aliyewaleta mjini kwa ahadi ya kazi haitwi jina lolote.

Siti binti Saad na uso wake

Mpaka hapa tumezungumzia sura nzuri inayochukuliwa kuwa dhambi. Upande wa pili ni sura isiyo nzuri inayochukuliwa kuwa aibu.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi maskini. Aliuza vyungu akivitangaza kwa sauti iliyosikika mbali, kisha akahamia mjini na kuwa mwimbaji wa taarab aliyevunja rekodi zote za wakati wake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikasikika pwani nzima na hadi bara. Wapinzani wake hawakupata la kusema juu ya sauti. Wakaimba juu ya uso wake, na juu ya kaniki aliyokuja nayo mjini, vazi la watu wa chini. Siti aliwajibu kwa wimbo. Maana ya jibu lake ilikuwa kwamba sura wala ukoo si kitu cha kubishania; kasoro ya kweli ni mtu kukosa akili.

Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, alimtembelea akiwa mzee na kuandika maisha yake. Wasifu wa Siti Binti Saad ulichapishwa mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki. Katika kitabu hicho Shaaban Robert hafichi kwamba Siti hakuwa na sura ya kusifiwa. Anasimulia ukarimu wake, bidii yake na namna alivyoishi na watu, hadi msomaji anasahau kuuliza alifananaje.

Macho mekundu

Sasa tumerudi nyumbani. Yule msikilizaji aliyesema kwamba mtu mbaya utamjua kwa kumtazama alisema jambo ambalo huku kwetu limeua watu.

Shinyanga, Mwanza, Geita, Simiyu, Tabora: kwa miongo kadhaa, katika vijiji vya mikoa hii, wanawake wazee wamekatwa mapanga usiku wakituhumiwa kuwa wachawi, na dalili iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Tumekulia katika hadithi ambazo bibi kizee mwenye macho mekundu ndiye mchawi, kama vile kijana mzuri ndiye shujaa. Mtoto anazisikia na kucheka. Halafu anakuwa mtu mzima, ng'ombe wake wanakufa au mtoto wake anaugua, mpiga ramli anamwambia kwamba mbaya wake ni mwanamke mzee wa jirani, na picha ya hadithi ile inamjia tayari imekamilika. Wakati mwingine hakuna hata ramli ya kweli. Kuna shamba la mjane ambalo ndugu wanalitaka, na macho yake ni kisingizio. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, ambao nao huwindwa kwa sababu ya mwonekano wao.

Kitu gani hasa kinafanya macho kuwa mekundu? Moshi. Mwanamke wa Usukumani aliyeanza kupika akiwa na miaka saba, na sasa ana 70, ameinama juu ya mafiga kwa zaidi ya miaka 60. Miti ilipokwisha, maeneo mengi yaligeukia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na moshi wake unawasha kuliko wa kuni. Jiko lenyewe mara nyingi ni kijumba kisicho na dirisha. Kwa maneno mengine, alama wanayoiita ya uchawi ameipata kwa kuwapikia watoto na wajukuu, pengine na yule aliyeshika panga.

Sababu ya pili ni ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Ni maambukizi yanayoenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi, hasa kutoka kwa watoto wadogo, na ndiyo maana wanawake wanaolea huupata zaidi kuliko wanaume. Ukijirudia kwa miaka, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho. Jicho huwa jekundu, hutoa machozi, na mwishowe hupofuka. Trakoma ina dawa ikiwahiwa, na kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Kunawa uso kwa maji safi kila siku na kuwa na choo kunapunguza maambukizi.

Kama nyumbani kwako kuna mzee mwenye macho mekundu, yanayowasha au yanayotoa machozi, mpeleke zahanati au kituo cha afya na uulize kuhusu huduma ya macho. Jiko likiwa na dirisha au bomba la kutolea moshi, au akipikia nje mvua isiponyesha, macho yanayosumbuliwa na moshi yanaweza kupata nafuu. Na ukisikia kijijini kwako mzee ameanza kutajwa kwa uchawi, mpe taarifa mwenyekiti wa kitongoji au polisi mapema, siku hiyohiyo, kabla usiku haujaingia.